Sanduku la Chuma la Wifi Yangu

Watu wakisikia neno wifi, masikio yanasimama; wanangoja ugomvi. Ukoo wetu nao haukuwa nyuma. Mdogo wangu alipooa, kabla hata maua ya harusi hayajanyauka, dada zangu walikuwa wameshampachika bibi harusi jina: Mama Makufuli. Eti ana kabati jikoni lenye kufuli. Eti ameifungia sukari ili mawifi wasiimalize. Mimi ndiye mkubwa kwenye tumbo la mama yetu, nikaenda kwa miguu yangu kulitazama hilo kabati. Ndani nilikuta mafuta ya taa, dawa ya mende, vidonge vya homa na chupa ya maji ya betri. Sukari ilikuwa mezani, kwenye bakuli lisilo hata na mfuniko. Nikarudi kuwaambia. Wakacheka, wakaendelea kumwita Mama Makufuli, maana uongo mtamu hauachwi hivi hivi.

Leo namsema mwanamke huyo, na ukoo wangu nausema pia. Mwenye kununa na anune.

Wifi yangu ni mtunza stoo katika kiwanda cha rangi. Huvaa koti la kijivu lenye madoa ya kila rangi mtu anayoweza kuitaja, na ukimkumbatia, kitu cha kwanza kukuchoma kifuani ni ufunguo. Anao shingoni, kwenye kamba nyeusi, ndani ya blauzi. Ni ufunguo wa chumba cha dawa za kuyeyushia rangi, na hautoki shingoni mpaka atakapoukabidhi kwa mlinzi jioni. Si mwanamke wa maneno. Anaongea polepole, anasikiliza mpaka umalize, kisha anakujibu jambo moja tu. Mama yetu husema kiburi. Mimi nasema ana adabu ya kufikiri kabla ya kufungua mdomo, jambo ambalo sisi wengine tulinyimwa tangu tumboni.

Kuna siku nilimwuliza, kufungafunga huku kumeanzia wapi? Akaniambia habari za mfanyakazi mmoja wa usafi pale kiwandani. Mama wa watu alijimiminia kidogo ile dawa kwenye chupa ya maji ya kunywa, akaificha nyuma ya ndoo ili aje aondolee madoa ya sakafu. Aliificha vizuri. Mwenzake aliyekuja na kiu aliiona vizuri zaidi. Alipona, lakini mpaka leo anaongea kwa kukwaruza na hawezi kumeza chakula kigumu.

"Aliificha, dada," wifi akaniambia. "Hakuifungia. Kitu unachoficha kinamngoja atakayekiona."

Basi. Neno hilo lishike, maana kesi yote inasimama hapo.

Mdogo wangu ana duka la matairi. Ni mtu wa sauti kubwa na mkono mwepesi wa kutoa. Ukiwa na shida yeye ndiye wa kwanza kufika. Sikatai wema wake. Jioni moja, akiwa anateremsha shata la duka, vijana walimvamia, wakampiga makofi mbele ya wateja, wakachukua mauzo ya siku nzima wakaondoka wanatembea, hawakukimbia hata. Nadhani kule kutokukimbia ndiko kulikomuumiza kuliko makofi. Akaomba kibali cha silaha. Akahojiwa, akapelekwa kwenye mafunzo, akasubiri, mwishoni akapata bastola yake kwa njia ya halali kabisa. Hapo pia sikatai. Mwanaume ameonewa, ametafuta kinga, sheria imemruhusu.

Lakini jamani! Kuanzia siku ile mdogo wangu alibadilika mwendo. Alianza kutembea mikono ikiwa mbali na mwili kama mtu mwenye majipu ya kwapani. Ukimsalimia, anaitikia huku anatazama nyuma yako. Kichwa kilimvimba mpaka nikahofia kofia zake.

Siku aliyokwenda kununua vifaa vya bastola tulikuwa wote watatu. Mimi nashona mapazia, na nilikuwa nimeahidi kuwashonea mapya, basi nikafuatana nao ili baadaye tupitie duka la vitambaa. Duka la silaha lilikuwa na mlango wa nondo na kengele. Unabonyeza, unatazamwa, ndipo unafunguliwa. Muuzaji alikuwa mzee mwenye miwani iliyoning'inia puani. Mdogo wangu akaanza kuchagua kama bibi harusi anayechagua hereni. Akachukua vishikio vya mpira ili mkono usiteleze. Akachukua kitaa kidogo cha kufunga chini ya mtutu. Akachukua na leza, kile kidude kinachotupa nukta nyekundu mahali unapolenga. Kisha ikaja zamu ya mkoba wa kuvaa kiunoni.

Muuzaji akamwekea miwili mezani. "Huu mweusi ni mgumu," akasema, "unafunika kifyatulio chote, kidole hakiingii wala kitu hakigusi. Huu wa kahawia ni laini, ni mzuri machoni, lakini hapa mbele uko wazi. Mimi nakushauri mweusi."

Mdogo wangu akaugeuzageuza ule wa kahawia, akatazama chini kwenye miguu yake. "Huu," akasema. "Unaendana na viatu."

Nakula kiapo, hivyo ndivyo alivyosema. Unaendana na viatu.

Wifi yangu alikuwa amesimama mbele ya sanduku la chuma lililotundikwa ukutani. Hapo akauliza swali lake moja: "Na sanduku la kuifungia?"

Muuzaji akavua miwani. "Mama, nilikuwa nalingoja swali hilo. Bwana, italala wapi?"

"Italala na mimi," mdogo wangu akajibu, akacheka peke yake.

"Ungenunua sanduku kwanza, taa ukaja kuzinunua baadaye."

"Mzee wangu, mimi nimekuja kununua, sikuja kuhubiriwa. Mwizi akiingia nimwambie nini, ngoja nitafute ufunguo?"

Tukatoka pale na mfuko uliojaa mapambo. Sanduku likabaki ukutani kwa muuzaji. Wifi aligeuka mara mbili kulitazama lile duka, na mimi nikajisemea kimoyomoyo, mwanamke huyu anapanga jambo.

Wana binti mmoja, ana miaka minne. Anaongea tangu anapofumbua macho mpaka anapoyafumba, ndiyo maana tunamwita Chiriku. Kila alfajiri Chiriku hutoka kitandani kwake, anaburuta blanketi lake, anajipenyeza katikati ya baba na mama, na hapo ndipo anapomalizia usingizi. Nyumba ngapi haziko hivyo? Hata mimi wangu walikuwa hivyo. Na mahali pa kulala bastola, kwa uamuzi wa bwana mwenye viatu vya kahawia, palikuwa chini ya mto wake.

Nilikwenda alasiri moja kupima madirisha. Nikiwa bado nje nilisikia mtoto anacheka, kile kicheko cha kukata pumzi. Nikaingia. Chiriku alikuwa anakimbia sebule nzima, anaruka, anapiga ukuta kwa viganja, anafukuza nukta nyekundu. Nukta inapanda kwenye kalenda, inashuka kwenye kochi, inapita sakafuni, naye nyuma yake. Nikacheka na mimi. Mtoto akifurahi, nani asifurahi? Kisha nikageuka kutazama inakotoka.

Mdogo wangu alikuwa amejilaza kwenye kiti, ameishika bastola, anamchezesha mwanawe.

Futi ya kupimia ikaniponyoka. "We mwanaume! Umerukwa na akili?"

"Dada, punguza sauti, haina risasi. Nimezitoa."

"Na yeye atajuaje siku ambayo hujazitoa?"

"Hataishika. Hajui hata inakokaa. Mimi ninaificha."

"Unaificha," nikasema. Mlangoni wifi alikuwa ndiyo kwanza anaingia kutoka kazini, koti mkononi. Alitazama ile nukta nyekundu iliyokuwa imetulia kwenye gauni la mwanawe, tumboni. Hakupiga kelele. Alikwenda akamnyanyua mtoto akaingia naye jikoni. Mimi ndiye niliyepiga kelele. Nilipiga mpaka jirani akachungulia dirishani. Mdogo wangu akanijibu nini? Akaniambia wanawake tunaogopa vitu kwa kutovijua.

Wiki hiyohiyo wifi alirudi kwenye lile duka lenye kengele akanunua sanduku kwa fedha yake mwenyewe. Likaletwa na fundi, akatoboa ukuta kwa drili ndani ya kabati la nguo, akalikaza kwa bolti nene upande wa ndani, hata ukining'inia halitoki. Sanduku lilikuwa na sehemu mbili, ya juu kwa bastola, ya chini kwa risasi, kila moja na tundu lake la ufunguo. Akamkabidhi mumewe funguo mbele yangu. "Mume wangu, mimi sitaki kuzishika. Nakuomba jambo moja, zikae mwilini mwako. Ukivua suruali, zihamie kwenye suruali nyingine."

Akakubali. Alinuna, lakini akakubali, nikampongeza kabisa, nikamwambia sasa umekuwa mtu mzima. Loo! Maneno mengine mtu unatamani uyarudishe mdomoni.

Mnajua alizitundika wapi? Kwenye msumari nyuma ya mlango. Pale pale pa ufunguo wa geti, ufunguo wa duka, ufunguo wa choo cha nje na kamba ya mbwa aliyekufa. Na fundi alikuwa amezivalisha kibandiko chekundu cha plastiki ili zisichanganywe na nyingine. Kwa hiyo katika msumari wenye funguo zote za nyumba hiyo, za bastola ndizo zilizokuwa zinang'aa. Sanduku la chuma, bolti nene, na ufunguo kwenye msumari! Ni sawa na kulipa mlinzi halafu ukaacha mlango wazi ili asichoke kuufungua.

Wifi alirudi kutoka kazini siku moja akamkuta Chiriku amesimama juu ya kigoda, kibandiko chekundu kimo mkononi, anakipeleka mdomoni. Alizichukua zile funguo akazitia kwenye kamba yake nyeusi, pale pale panapokaa ufunguo wa kiwanda mchana. Asubuhi mumewe alipotaka bastola kwa ajili ya safari ya benki, alimfungulia akampa. Jioni aliipokea akaifungia. Hakumnyima hata siku moja. Nasema tena, maana ukoo ulikuja kuimba wimbo mwingine: hakumnyima hata siku moja.

Lakini mdogo wangu alikwenda akawasimulia wanaume wenzake pale dukani, wale wanaokaa juu ya matairi kutwa nzima. Wakamcheka. Eti mwanaume unaomba bastola yako kwa mkeo kama mtoto anayeomba peremende! Ikamwingia. Siku moja wifi akiwa kazini, alimleta mchomeleaji mwenye grainda, akakata mlango wa lile sanduku kama anayefungua kopo la samaki. Kisha akampigia simu Baba Mdogo, akaitisha kikao cha ukoo.

Shauri lake lilikuwa hili, na alilisema bila aibu: mke aombe radhi mbele ya watu wote kwa kumvua mumewe uanaume, na asiguse tena silaha wala ufunguo, la sivyo afungashe arudi kwao. Mtoto atabaki. Mtoto ni wa ukoo.

Mnasikia? Mama aondoke, Chiriku abaki, abaki na mto ule na kitu kilicho chini yake.

Tulikutana Jumapili baada ya chakula cha mchana, nyumbani kwa mdogo wangu, sebuleni pale pale penye kalenda ya matairi. Baba Mdogo alikaa kwenye kiti kikubwa. Alikuwa mkagua tiketi za treni enzi zake, na mpaka leo akikutazama unajikuta unapapasa mfukoni. Mama yetu alikaa kando yake amempakata Chiriku. Kitinda mimba wetu, dada wa mwisho, alikuja na mwanawe ambaye ndiyo kwanza anajifunza kutembea. Mdogo wangu alikuwa amechomekea shati jipya. Wifi yangu alikaa kwenye kigoda karibu na mlango, na nyuma yake kulikuwa na sanduku la nguo. Alikuwa ameshafungasha.

Baba Mdogo akakohoa. Akazungumza sana. Akasema nyumba ina kichwa kimoja, akasema mke ni shingo, akasema mambo ambayo nimeyasikia kila kikao tangu nizaliwe. Akamgeukia wifi: "Mwanangu, ni kweli ulichukua funguo za mumeo?"

"Ni kweli, baba."

"Kwa nini?"

"Mtoto alizifikia."

"Mtoto huyu?" Mama yetu akadakia, huku anampapasa Chiriku kichwani. "Mtoto huyu hana habari na hayo mambo. Mimi nimelala miaka yote na panga la marehemu baba yenu chini ya godoro. Mbona hamkukatwa?"

"Mama," nikasema, "panga linataka mkono wenye nguvu. Bastola inataka kidole."

"Wewe nyamaza, tangu lini wifi akamtetea wifi?"

"Tangu leo."

Baba Mdogo akanyoosha kiganja. Niliushika mkono wa kiti utadhani nataka kuung'oa. Mdogo wangu akasimama kutoa maelezo yake. Na sauti ile! Akasema yeye si mjinga, amepata mafunzo, ana cheti. Akasema silaha iliyofungiwa ni chuma tu, haimsaidii mtu. Akasema tangu juzi ameirudisha mahali pake, na ipo salama kuliko fedha za benki. "Nimeificha ninavyojua mimi. Haina risasi. Na mtoto hajui ilipo. Nani hapa anaweza kuniambia kuna hatari gani? Aniambie!"

Baba Mdogo akatikisa kichwa kukubali. Mama akatikisa kichwa kukubali. Wifi yangu aliinama akawa anatazama vidole vyake vyenye madoa ya rangi.

Wakati huo mtoto wa kitinda mimba alikuwa ameshasinzia, kichwa kimelegea begani. Kitinda mimba akainuka taratibu. Akafanya kile ambacho sote tumekifanya katika kila nyumba ya ndugu, kila msiba na kila harusi. "Ngojeni nikamlaze huyu chumbani kwenu," akasema, akashika njia ya koridoni.

Mdogo wangu aliruka. Aliruka mpaka glasi ya maji ikapinduka. "Wewe! Sio kitandani! Usimlaze pale!"

Kitinda mimba akaganda mlangoni na mwanawe. Maji yalikuwa yanadondoka kutoka mezani kwenda kwenye zulia, hakuna aliyeyafuta.

"Kwa nini?" nikauliza.

"Kitanda... hakijatandikwa."

"Kitoto hiki kinajali matandiko?"

"Dada, basi tu, amlaze kwenye kochi."

"Nimekuuliza kwa nini."

Akainama kuiinua ile glasi. Na Chiriku wetu, ambaye hajawahi kuacha swali likae bila jibu, akajitoa mapajani kwa bibi yake, uso umejaa furaha kwamba hili analijua. "Kuna taa nyekundu ya Baba chini ya mto! Niwaletee muione?" Alikuwa ameshaanza kukimbia. Alipita chini ya mkono wa kitinda mimba, na miguu yake midogo tuliisikia koridoni.

Sijui mdogo wangu alifikaje. Ninachojua ni kwamba alijigonga goti njiani na meza ndogo akaiangusha, na alimkamatia mwanawe mlangoni mwa chumba, akamvuta kwa nguvu mpaka mtoto akalia. Akarudi naye amemkumbatia, uso umempauka kama majivu. Mtoto analia, "Nilitaka kuwaonyesha tu." Mama yetu alikuwa ameshika kifua kwa mikono yote miwili.

Wifi yangu akasimama. Ilikuwa mara ya kwanza kwake kikaoni kusema bila kuulizwa.

"Mtoto wa dada yako umemwonea huruma asilale pale hata dakika chache, tena amelala fofofo, hawezi kushika kitu. Wako hupanda pale kila alfajiri akiwa macho. Hukuwahi kuruka."

Akamchukua Chiriku mikononi mwake, akarudi kukaa kwenye kigoda.

Najua kuna watu wangetulia hapo. Mimi sikutulia, na sijatulia. Maana Baba Mdogo alikohoa tena, akaanza, "Basi, wanangu, kila upande una makosa yake, tuyamalize kikubwa..."

"Yapi?" Nilikuwa nimeshasimama. "Yataje makosa ya huyu mwanamke, Baba Mdogo! Kosa lake ni kununua kwa jasho lake kitu ambacho mwenye bastola alipaswa kukinunua kabla ya mapambo? Au kosa lake ni kukizuia kidole cha miaka minne? Mmekaa hapa mnatikisa vichwa, mnataka kumfukuza mtu pekee katika nyumba hii aliyekuwa anamlinda mjukuu wenu! Mnasema amemvua mumewe uanaume. Uanaume gani unaokaa chini ya mto? Na wewe," nikamgeukia mdogo wangu, "ulijua. Usiniambie hukujua. Mdomo wako ulisema ni salama, na miguu yako ikaruka. Ulijua siku zote, ila ulikuwa unaogopa kuchekwa na wale wa kwenye matairi kuliko unavyomwogopea mwanao!"

Hakuna aliyeniambia ninyamaze. Mdogo wangu alikuwa analia, hana kelele, machozi yanamteremka hadi kwenye lile shati jipya.

"Nenda kaitoe," wifi akamwambia.

Akaenda. Akarudi ameielekeza chini, akaomba kila mtu ahamie jikoni, nasi tukahama, ila mimi nilibaki mlangoni kwa sababu sikumwamini hata kidogo. Akachomoa magazini, kile kikasha cha risasi cha kwenye mpini. Akavuta nyuma chuma cha juu, risasi moja ikaruka kutoka ndani, ikabingirika mezani, ikasimama kwenye bakuli la sukari. Bakuli lile lile lisilo na mfuniko. Haina risasi, alituambia. Alikuwa ameiweka moja tayari ndani, kwa ajili ya mwizi.

Alasiri ile ile alikwenda na Baba Mdogo kituo cha polisi, akaiacha ihifadhiwe huko mpaka atakapokuwa na mahali pa kuiweka. Zamu hii sanduku alinunua yeye. Leza aliivunja kwa nyundo, sikumwambia, alivunja mwenyewe. Mkoba wa kahawia ameutupa, anavaa ule mweusi mgumu usioendana na kitu chochote. Funguo ziko shingoni mwake kwenye kamba nyeusi, wifi ndiye aliyemfungia fundo. Wale wa kwenye matairi sasa wanamwita Baba Makufuli, naye anawaitikia. Sanduku la nguo la wifi lilirudi juu ya kabati, na Mama yetu aliomba radhi kwa namna yake: alimpelekea kitenge, akaondoka kabla hajashukuriwa.

Watu husema basi, yameisha, mshukuru Mungu. Ninashukuru. Lakini wiki iliyopita waliniletea Chiriku ashinde kwangu. Nilimwacha chumbani na wanasesere wake nikaenda kukata kitambaa. Niliporudi nilimkuta kitandani kwangu, amepiga magoti, ameinua mto wangu, anachungulia. Akaurudisha. Akauinua na wa pili.

"Unatafuta nini, mwanangu?"

"Taa, shangazi. Na yako iko wapi?"

Nilimpigia wifi simu. Akaniambia anajua. Anafanya hivyo kila nyumba wanayoingia. Kwa bibi yake alifanya, kwa jirani alifanya, chumba cha wageni kwa kitinda mimba alikipekua chote. Wanamkataza, anaitikia, kisha anasahau. Ana miaka minne.

Kwa hiyo naomba mniambie, ninyi wenye nyumba ambazo mtoto huyu bado hajaingia. Akija kwenu, akiinua mto, atakuta nini?